Mzee karuhusiwa na dawa nane, siku ya 21 nimehesabu vidonge na hesabu imegoma. Tatizo liko wapi?

#1 Mtoto wa Tatu
Wakuu habari. Naomba mawazo yenu, maana hapa nyumbani tumeshaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mzee wangu ana miaka 68. Alipata shambulio la moyo, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti (kibomba cha kuushikilia ubaki wazi), akalala wodini siku tisa. Wakatuambia moyo umechoka, unasukuma asilimia 35. Akaruhusiwa na dawa nane: aspirini, klopidogreli, atorvastatini (ya kolesteroli), bisoprololi, enalaprili, spironolaktoni, pantoprazoli na Lasix (ya kutoa maji mwilini kwa mkojo). Tulipewa za siku 30, tukaelezwa pale dirishani, tukaitikia ndiyo, tukaondoka.

Jana ilikuwa siku ya 21. Miguu imeanza kuvimba tena, mzani unasoma kilo mbili na ushee juu ya wiki iliyopita, na akisimama anashikilia kiti kwa kizunguzungu. Anaapa kwamba dawa anameza zote. Nikachukua vichupa nikahesabu. Lasix zimebaki 31. Anameza moja mara mbili kwa siku, tulipewa 60, zilitakiwa zibaki 18.

Dada anasema mzee anasahau. Mama anasema ni ukaidi tu. Mzee mwenyewe anasema waliompa ndio hawajui kuhesabu. Mtu aliyeponea chupuchupu anashindwaje kumeza vidonge alivyowekewa mkononi?

#2 Punda Amechoka
Ngoja waje wataalamu. Nimevuta kigoda.

#3 Kifungo cha Shati
Kusahau. Hakuna siri hapo. Dawa nane, hizi asubuhi hizi usiku, wewe mwenyewe ungeweza? Mimi dawa ya siku tano tu huwa inanibakia. Mnunulieni kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba, kesi imeisha.

#4 Shangazi Yao
Kifungo umemaliza haraka mno. Mume wangu alikuwa nacho hicho kiboksi. Kila Jumapili nakijaza, kila jioni nakuta chumba kitupu, nikawa najipongeza. Siku moja nafua koti lake nikakuta vidonge tisa mfukoni, vimeshikana na nyuzi za kitambaa. Hakuwa amesahau hata kimoja. Alikuwa anavichukua mbele yangu, anainuka navyo, basi. Nilipombana akasema anachoka kuamka usiku mara nne kwenda chooni, na kuniambia anaona haya. Miaka 31 ya ndoa, anaona haya!

#5 Kifungo cha Shati
Tisa mfukoni? Shemeji alikuwa anaweka akiba ya uzeeni.

#6 Nesi wa Zamu
Mleta uzi, mjadala uendelee lakini wewe usiusubiri. Kilo mbili ndani ya wiki, miguu kuvimba na kizunguzungu ni vya kupigia simu waliomruhusu, leo hii. Akikosa pumzi akilala chali, akizimia au kifua kikimbana, msipige simu, mpelekeni.

Wakati huohuo mpime mapigo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne.

Na hiyo Lasix anaimeza saa ngapi na saa ngapi?

#7 Mtoto wa Tatu
Asante. Simu nimepiga, wamesema nao nipime mapigo niwajulishe. Mzee kaenda kuoga, akitoka napima.

Lasix ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Imeandikwa 1×2, tukajua ni kila baada ya saa 12.

#8 Nesi wa Zamu
Basi umeshajibu nusu ya swali lako. Lasix ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja na kuendelea kwa saa sita hivi. Ya saa mbili usiku maana yake ni safari za chooni hadi saa nane za usiku. Ya pili kwa kawaida humezwa mchana, saa nane au tisa, ili ikifika muda wa kulala iwe imeisha nguvu. 1×2 inakwambia ngapi na mara ngapi. Saa haijaandikwa popote. Mzee mwenye akili timamu akichoka kuamka atafanya alichofanya shemeji yetu wa koti.

#9 Mfamasia Mstaafu
Nesi kasema kweli, ila mimi hiyo 1×2 naichukia kuliko mnavyodhani. Nimekaa dirishani miaka mingi. Kuna mama mmoja alikuwa na 1×2 kwenye pakiti moja na 2×1 kwenye nyingine, akaona ni kitu kilekile, maana shuleni alifundishwa kuwa jibu ni mbili. Kwa hesabu za shule hakukosea!

Kosa la pili ni letu sisi wa dirishani. Tunauliza "umeelewa?" na binadamu yeyote akiulizwa hivyo huitikia ndiyo, hasa nyuma yake kukiwa na foleni. Swali linalofaa ni "hebu nionyeshe, leo jioni ukifika nyumbani utachukua zipi na ngapi?" Hapo ndipo unajua mtu kaelewa nini. Nilianza kuuliza hivyo nikiwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nilishtuka.

Mleta uzi, usihesabu Lasix peke yake. Hesabu zote nane. Halafu mwaga mezani dawa zote zilizomo humo ndani, hata za zamani, hata za mama.

#10 Hesabu Hazidanganyi
Nakazia. Halafu tusimshangae mzee peke yake. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba katika nchi tajiri wanaofuata dawa za magonjwa ya muda mrefu ni kama nusu tu ya wagonjwa. Nusu! Huko kwenye kila kitu.

#11 Mpita Njia
Mnazunguka mbuyu. Ni hela. Watu wanameza leo, wanaruka kesho, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Mzee hawezi kuwaambia watoto kwamba anawaonea huruma.

#12 Hesabu Hazidanganyi
@Mpita Njia hela ipo, siikatai. Lakini Marekani walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2011: watu waliopata shambulio la moyo, kundi moja likapewa dawa bila kulipa chochote, jingine likalipa kama kawaida. Waliopewa bure walimeza zaidi kwa asilimia chache tu, na bado umezaji wao ulikuwa chini ya nusu au karibu na hapo. Ingekuwa ni hela peke yake wangepanda hadi juu.

#13 Mpita Njia
Kupanda kidogo nako ni kupanda. Na mzee wa kwenye uzi huu hajaulizwa.

#14 Mtoto wa Tatu
Nimerudi. Mapigo ni 48. Nimehesabu mara mbili, nikamwita dada naye akapata 49.

Hesabu ya vidonge hii hapa:
Aspirini, klopidogreli, bisoprololi na spironolaktoni, kila moja zimebaki 9. Sawasawa kabisa.
Enalaprili 18, sawa, maana nayo ni mara mbili.
Pantoprazoli 12, kwa hiyo karuka tatu.
Lasix 31, nilishasema.
Atorvastatini, ambayo ni moja usiku, zimebaki 2. Zilitakiwa 9!

Na kwenye droo ya mzee tumekuta pakiti ya atenololi aliyokuwa anatumia kwa presha kabla hajaugua. Imetumika. Nikamuuliza, akajibu kwa upole tu: "Hiyo ni ya presha, hizi mpya ni za moyo." Na kwa mama kuna diklofenaki, huwa anampa mzee moja akilalamika magoti.

#15 Nesi wa Zamu
Piga simu SASA. Waambie mapigo 48, kizunguzungu, na anameza atenololi pamoja na bisoprololi. Kwa maneno hayohayo.

#16 Mfamasia Mstaafu
Ndiyo maana nilisema mwaga zote mezani. Atenololi na bisoprololi ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo mzee amekuwa akikanyagiwa breki na miguu miwili. Ukiona majina mawili yanaishia na -ololi kwenye mfuko mmoja, uliza kabla ya kumeza. Na msikurupuke kuacha zote mbili kwa hasira. Dawa za ukoo huu zikikatwa ghafla kwa mtu mwenye moyo mgonjwa, moyo hurudi kwa kishindo. Waliomruhusu ndio waseme ipi ibaki.

Diklofenaki nayo ni kesi nyingine. Dawa za maumivu za jamii hiyo hushikilia chumvi na maji mwilini. Ukiiweka juu ya enalaprili na Lasix, figo ndizo zinazoumia. Kwa hiyo kabla hamjasema miguu imevimba kwa sababu ya Lasix kurukwa, muulizeni mama alimpa ngapi.

Kuhusu maneno ya mzee, "hiyo ni ya presha, hizi ni za moyo", mimi sioni ukaidi hapo. Mtu hajaambiwa kwamba mpya imechukua nafasi ya zamani. Angejuaje?

#17 Mtoto wa Tatu
Wamejibu. Atenololi iwekwe pembeni kabisa, bisoprololi iendelee ila ya kesho asimeze mpaka wamwone, diklofenaki marufuku, kesho saa moja tuwe pale apimwe moyo na damu, figo na potasiamu. Tumeambiwa twende na dawa zote, si orodha.

Mama kakiri diklofenaki "kama nne hivi". Dada anasema ni zaidi.

#18 Kifungo cha Shati
Nafuu. Sasa mbona hamuoni maajabu ya atorvastatini? Lasix zimezidi, atorvastatini zimepungua. Kuna mtu anameza kolesteroli ya mzee.

#19 Kobe
Niwape jibu? Jirani. Kila mtaa kuna jirani mwenye miguu iliyovimba anayesema "hebu nipe hiyo yako nijaribu".

#20 Hesabu Hazidanganyi
Kobe, jirani akijaribu Lasix zinapungua. Hapa zimezidi!

#21 Kobe
Basi jirani ana kolesteroli.

#22 Mtoto wa Tatu
Nimecheka hadi mzee kauliza kuna nini. Ila Kifungo kanikumbusha kitu. Dada alivitoa vidonge vyote kwenye pakiti zake tulipofika nyumbani, akavipanga kwenye vichupa vya kioo vinavyofanana ili rafu ipendeze. Lasix hizi ni nyeupe duara zenye mstari katikati, atorvastatini ni nyeupe pia ila zimerefuka kidogo. Majina kayaandika kwa kalamu juu ya vifuniko.

#23 Mfamasia Mstaafu
Juu ya VIFUNIKO?

#24 Shangazi Yao
Mungu wangu.

#25 Hesabu Hazidanganyi
Subirini nipige hesabu. Tuseme vifuniko vya Lasix na atorvastatini vilipishana kwa siku saba. Siku hizo saba mzee anameza atorvastatini mara mbili kwa siku akidhani ni Lasix, na Lasix moja usiku akidhani ni atorvastatini.

Atorvastatini: siku 14 za kawaida ni 14, siku 7 za kupishana ni 14, jumla 28. Kutoka 30 zinabaki 2. Mleta uzi kakuta 2!

Lasix: siku 14 za kawaida ni 28, siku 7 za kupishana ni 7, jumla 35. Kutoka 60 zinabaki 25. Mleta uzi kakuta 31.

Kwa hiyo vifuniko vinaeleza atorvastatini yote na Lasix saba. Lasix sita bado hazina mwenyewe.

#26 Punda Amechoka
Huyu jamaa apewe ofisi.

#27 Kifungo cha Shati
Vifuniko vilipishana vikarudiana vyenyewe baada ya wiki moja kamili? Vina miguu?

#28 Mtoto wa Tatu
Mama hufuta vumbi kwenye rafu kila Jumamosi. Anavitoa vichupa vyote anavifungua kufuta midomo. Nimemuuliza, kasema yeye hajawahi kuchanganya kitu tangu azaliwe. Nimeishia hapo.

#29 Vali ya Chuma
Mimi nina vali ya chuma upande wa kushoto, mwaka wa 11 sasa, namezea warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ushauri wangu ni mmoja, vidonge vikae kwenye pakiti vilikozaliwa. Mimi kidonge changu kimoja kikipishana naweza kuvuja damu au vali ikaganda, kipimo changu cha INR, cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani, kinatakiwa kicheze kati ya 2.5 na 3.5. Mboga za majani nakula, ila kiasi kilekile kila wiki. Watu wengi wanakatazwa kabisa bila sababu, kinachovuruga ni leo rundo, kesho sifuri.

#30 Kobe
Si ndiyo ile sumu ya panya?

#31 Vali ya Chuma
Ndiyo hiyo. Iliingia sokoni kuua panya mwaka 1948, binadamu wakaanza kuitumia 1954. Panya hawapimi INR, ndiyo tofauti yetu.

#32 Mfamasia Mstaafu
Na ukoo wa enalaprili umeanzia kwa nyoka. Kaptoprili, ya kwanza kuingia sokoni mnamo 1981, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili. Waliona anayeumwa na yule nyoka presha inaporomoka, wakajiuliza kwa nini.

#33 Kobe
Panya, nyoka, halafu mnashangaa mzee anaficha vidonge mfukoni.

#34 Kifungo cha Shati
Vali ya Chuma, si kuna dawa mpya za kulainisha damu zisizohitaji kupimwa kila mara? Kwa nini usihamie?

#35 Vali ya Chuma
Kwa mwenye vali ya chuma hazifai. Walijaribu dabigatrani, mojawapo ya hizo mpya, jaribio likasitishwa kabla ya muda, matokeo yakachapishwa 2013: waliozimeza waliganda zaidi na kuvuja zaidi. Kwa mwingine mwenye mapigo yasiyo na mpangilio na vali zake mwenyewe nzima, hizo ni sawa, daktari wake atasema.

#36 Bi Mkubwa wa Pili
Nimechelewa kuuona uzi. Mimi naona dawa za presha zote zihamie usiku. Kuna utafiti wa Hispania ulionyesha wanaomeza usiku wanapona zaidi. Mzee apewe zote mara moja akilala, kusahau kutaisha.

#37 Hesabu Hazidanganyi
Huo wa 2019 ulivuma sana, na ulipingwa sana. Uingereza wakafuatilia watu zaidi ya 21,000, wengine asubuhi wengine jioni, matokeo yakatoka 2022: hakuna tofauti. Meza muda ambao hutasahau.

#38 Nesi wa Zamu
Isipokuwa Lasix, tafadhali. Bi Mkubwa usimhamishie mzee wa watu Lasix usiku, tumetoka huko. Atorvastatini inaweza kumezwa saa yoyote, hudumu mwilini muda mrefu. Simvastatini ndiyo ya usiku.

#39 Bi Mkubwa wa Pili
Sawa nimeelewa. Ila bado kusahau kupo.

#40 Mtoto wa Marehemu Juma
Kaka yangu aliacha enalaprili mwenyewe kwa sababu ya kikohozi kikavu kilichomnyima usingizi. Hakumwambia mtu. Sisi tukawa tunamnunulia dawa ya kikohozi, chupa ya tatu ndipo nesi mmoja akauliza anatumia nini cha moyo. Wakambadilishia losartani, kikohozi kikaisha kama wiki mbili tatu baadaye. Mzee anakohoa?

#41 Mtoto wa Tatu
Hapana, na enalaprili hesabu yake iko sawa.

#42 Shangazi Yao
Angalieni na meno. Binamu yangu alikuwa na stenti ya miezi miwili, akataka kung'oa jino, mtu mmoja akamwambia asitishe aspirini na klopidogreli wiki nzima ili asivuje damu. Siku ya tano stenti ikaganda. Alipona, lakini moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Baada ya shambulio la moyo hizo mbili kwa kawaida ni mwaka mzima, na anayetaka kuzigusa ampigie kwanza daktari wa moyo.

#43 Baba wa Mapacha
Naomba niingie, maana humu mnaongea wote kama watoto wa mgonjwa. Mimi ndiye mgonjwa. Moyo wangu ulikuwa asilimia 28, sasa 41. Nawapa upande wa pili.

Wiki ya kwanza nyumbani unameza kila kitu, hofu bado ipo. Wiki ya tatu unatembea, unacheka, na hapo ndipo kazi inaanza. Ugonjwa huuoni, unayoyaona ni ya dawa. Bisoprololi ilinifanya nipande ngazi kama nimebeba gunia. Spironolaktoni ikanivimbisha titi la kushoto, linauma hata shati likigusa. Mwanaume wa miaka 57, nimwambie nani? Mke wangu nilimficha, chumbani nako mambo hayakuwa mambo, nikajua ni zile dawa. Rafiki akanipa kidonge cha kuamsha. Namshukuru Mungu nilimuuliza daktari kwanza, kwa sababu nilikuwa na nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi mfukoni, na vitu hivyo viwili vikikutana presha inaanguka hadi mtu anaondoka. Daktari akanibadilishia spironolaktoni kwa ndugu yake epleronini, titi likatulia.

Sasa kila mtu nyumbani alikuwa anahesabu vidonge vyangu. Mtoto anafungua kinywa changu kama anapima ng'ombe. Siku nilipowaambia nipeni daftari nihesabu mwenyewe ndipo nilipoacha kuruka. Mleta uzi, humu watu kumi wameulizwa kuhusu mzee, yeye hajaulizwa. Mpita Njia alisema hivyo juu kule, mkampita.

#44 Mfamasia Mstaafu
Heshima kwako Baba wa Mapacha. Marekebisho madogo: inaitwa eplerenoni. Na hiyo nitrogliserini, wale wa kiboksi cha siku saba mniangalie hapa, haiingii kwenye kiboksi. Hukaa kwenye chupa yake ya kioo yenye kifuniko kilichokaza, la sivyo nguvu hupotea.

#45 Baba wa Mapacha
Eplerenoni. Imeniponya, jina sikulijua.

#46 Kifungo cha Shati
Mimi narudi kwenye kusahau. Hayo yote ni kweli lakini pantoprazoli tatu zilizorukwa hazina aibu wala titi.

#47 Mtoto wa Tatu
MREJESHO. Tumetoka kliniki. Mapigo leo 54, kipimo cha moyo hakina jipya, potasiamu 5.2, wamesema wataipima tena wiki ijayo. Bisoprololi inaendelea, Lasix asubuhi na saa nane mchana. Halafu daktari kasema akitulia wataanza kupandisha enalaprili na bisoprololi taratibu. Mama hapo kakasirika: dawa zimetaka kumuua halafu wanaongeza? Hili nami sijalielewa.

#48 Nesi wa Zamu
Dozi anazotoka nazo mtu wodini mara nyingi ni za kuanzia. Utafiti mmoja wa nchi nyingi uliotoka 2022 ulipandisha dozi haraka ndani ya wiki mbili baada ya kuruhusiwa, wagonjwa wakionwa wiki ya 1, 2, 3 na 6 na kupimwa damu kila mara. Waliofariki au kurudi wodini kwa moyo ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 kwa waliofuatiliwa kwa mtindo wa kawaida. Siri iko kwenye kuonwa. Kupandishiwa bila kuonwa ndiko mama anakoogopa, na hapo yuko sahihi.

Wewe mzee alionwa lini baada ya kuruhusiwa?

#49 Mtoto wa Tatu
Tuliandikiwa turudi baada ya siku 30.

#50 Mfamasia Mstaafu
Mnaona sasa. Tunamhukumu mzee, dada, mama na vifuniko. Mwenye moyo dhaifu alitakiwa aonwe ndani ya wiki moja au mbili. Angeonwa siku ya 7, atenololi ingekamatwa siku ya 7.

#51 Mpita Njia
Ila Nesi humwoni akiingia kwenye hiyo lawama.

#52 Nesi wa Zamu
Naingia. Zamu moja naruhusu watu 11 kabla ya saa sita, kila mmoja ana ndugu anayeuliza gari liko wapi. Nina dakika ngapi za kumwuliza mtu dawa zilizoko kwenye droo? Siombi huruma, nasema ilivyo.

#53 Mtoto wa Tatu
Nimefuata ushauri wa Baba wa Mapacha. Jana jioni nilikaa na mzee peke yangu, nikamuuliza Lasix za usiku. Kanyamaza, kisha akasema chooni gizani alishajikwaa mara mbili, na mara ya pili alikaa sakafuni muda mrefu akisubiri nguvu zirudi, hakutaka kumwamsha mama. "Baada ya hapo nikawa naziacha." Ngapi? "Mbili. Labda tatu."

Vidonge vimerudi kwenye pakiti, vichupa mama kaviwekea viungo. Mzee ana daftari, anaweka alama mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na mzani uko karibu na kitanda.

#54 Hesabu Hazidanganyi
Mbili au tatu. Zilibaki sita.

#55 Kifungo cha Shati
Tatu alizoacha, tatu alizosahau. Nilisema tangu mwanzo.

#56 Shangazi Yao
Sita zote kaziacha, mtu hakiri zote siku ya kwanza. Angalia mfuko wa koti.

#57 Bi Mkubwa wa Pili
Au waliotoa dawa walihesabu 63. Mzee alisema hivyo mkamcheka.

#58 Mfamasia Mstaafu
Hilo haliwezekani.

#59 Mfamasia Mstaafu
Linawezekana.

#60 Mtoto wa Tatu
Siku kumi baadaye. Kilo zimeshuka mbili na nusu, viatu vinaingia, mapigo 61. Makoti yote nimepekua, hakuna kitu. Kwenye daftari la mzee alama zote zipo, asubuhi na mchana, bila pengo. Pakiti mpya nimeihesabu leo akiwa amelala: Lasix zimezidi moja.

#61 Kobe
Muulize jirani.